Zoezi la tahadhari shuleni ni nini?

Zoezi la tahadhari ni kujifunza njia ya kutokea siku ambayo hakuna hatari, ili siku ya hatari miguu iijue yenyewe. Ni somo kama hesabu, na hakuna anayefundisha hesabu kwa kumshtua mtoto.

Shule moja hapa Mtwara nilishuhudia walimu wakichoma nyasi kavu nyuma ya darasa, kisha mmoja akapiga kelele: "Moto!" Watoto hawakuwa wameambiwa kitu. Wakabanana mlangoni, binti wa darasa la tatu akaanguka, akakanyagwa vidole. Wiki nzima, kengele ikilia tu, anamng'ang'ania mwenzake mkono. Njia ya kutokea hata hakuiona.

Zoezi jema hutangazwa mstarini mapema, na wazazi hupewa taarifa. Kwanza mwalimu anawatembeza taratibu, darasa moja moja: mlango huu, uwanja ule, hapa tunaita majina. Kengele ya dharura iwe na mlio wake. Kama ile rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni hugongwa mara tatu kwa mapumziko, basi ya hatari igongwe mfululizo. Siku nyingine mwendo uongezwe kidogo, mbio hapana. Anayetembelea magongo apangiwe mwenzake kabla. Aliyewahi kuunguliwa na nyumba asimame na mwalimu. Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilitoa tamko mwaka 2020 kupinga mazoezi yanayowadanganya wanafunzi kuwa hatari ni ya kweli.

Kwetu hatari si moto peke yake. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walihimizwa kwenda sehemu salama kabla kimbunga Kenneth hakijapiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja Hidaya. Moto unamtaka mtoto uwanjani. Upepo mkali unamtaka ndani, mbali na madirisha. Aliyefundishwa njia moja tu atakimbilia chini ya mkorosho huku matawi yanakatika.

Watu wazima nao hupimwa, tena zaidi: ufunguo wa bweni uko kwa nani saa nane usiku? Kufuli lile lenye kutu linafunguka? Zimamoto, namba 114, waalikeni waje kuangalia.

Zoezi likiisha, kaeni na watoto kivulini, waulizeni nini kimewatia hofu. Mmoja wa darasa la pili aliniuliza: "Mwalimu, mdogo wangu wa chekechea nani atamshika mkono?" Hatukuwa tumelifikiria. Tulimpangia mtu siku ileile.