Je, wajua kwa nini presha ya mkononi huwa sawa huku moyo wa mwenye skleroderma ukielemewa?

Skleroderma ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe: mishipa midogo ya damu huumia, na makovu hujengeka kwenye ngozi na viungo vya ndani. Baridi ya Juni na Julai kule Makete au Uporoto huufichua mapema, maana vidole hupauka, hufa ganzi, kisha huuma vikipata joto. Kwa hiyo wengi huuhesabu kuwa ugonjwa wa ngozi na baridi tu. Mgonjwa akianza kuhema kwenye kilima alichozoea kukipanda, hupimwa presha, inasoma 120/80, na anaambiwa moyo ni mzima.

Kipimo hicho hakidanganyi, ila kimepima upande mmoja. Moyo ni pampu mbili. Ya kushoto hupeleka damu mwilini, na ndiyo inayosomwa mkononi. Ya kulia hupeleka damu mapafuni kwa nguvu ndogo sana: wastani wa presha ya huko kwa mtu mwenye afya ni kama milimita 14 za zebaki, ya mwilini ikiwa karibu 90. Presha ya mapafu ikipanda maradufu, mashine ya mkononi haitaonyesha chochote.

Inapandaje? Kuta za mishipa midogo ya mapafu hunenepa kwa ndani na njia hubana. Fikiria bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya viazi: nozeli ikiziba nusu, mkono unaopampu ndio unaochoka, ingawa ubovu uko mbele kabisa. Chumba cha kulia cha moyo kina ukuta mwembamba, milimita 3 hadi 5 tu. Hunenepa kwanza, kisha hutanuka, mwisho hushindwa. Miguu inavimba na mishipa ya shingo inatuna. Hali hii humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 10, mara nyingi miaka mingi baada ya vidole kuanza.

Makovu huweza pia kuingia kwenye misuli ya moyo yenyewe, hata mishipa yake mikubwa ikiwa safi. Moyo kwenda mbio ovyo au kuzimia kunahitaji haraka ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ifanywe kila mwaka, hata bila dalili. Damu inayorudi nyuma kwenye vali ya trikaspidi, mlango wa chumba cha kulia cha moyo, ikizidi kasi ya mita 2.8 kwa sekunde, kuna shaka. Eko hukadiria tu. Uthibitisho ni kateta, mrija mwembamba uingizwao upande wa kulia wa moyo, nayo ikisoma wastani unaozidi milimita 20, presha ya mapafu imepanda. Makovu ya mapafu nayo huipandisha, hivyo CT ya kifua (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) hutangulia matibabu.

Mashine ya mkononi isitupwe. Prednisoloni, dawa ya steroidi, hasa ikizidi miligramu 15 kwa siku, huongeza hatari ya figo kushambuliwa ghafla, na hapo presha ya mkononi ndiyo hupaa. Mgonjwa asiinunue dukani kwa ajili ya maumivu ya viungo. Presha ikiruka ghafla, aende hospitali siku hiyohiyo aanzishiwe kaptoprili, dawa ya kushusha presha.