Fundi, tairi ya seventini bei gani?

Hili swali naulizwa kila siku, kwa simu, kwa WhatsApp, kuna hadi wa kupita na gari hata hashuki, ashusha kioo tu, "fundi, seventini bei gani?" Na mie jibu langu siku zote huwa ni swali, ya gari gani, yabeba watu wangapi, yaenda wapi. Wengine hukasirika hapo hapo, waona nawazungusha nipandishe bei. Wallahi sio hivo. Seventini ni kipimo cha rimu peke yake, ile chuma ya katikati inayovishwa tairi, ni kama mtu aingie dukani aseme nataka kanzu ya shingo kumi na sita, ehe, na urefu je? Mikono je?

Nieleze kwa mfano wa juzi. Dada mmoja alikuja na X-Trail, zile za viti saba, ametoka nayo Bamburi, tairi zake mbili za mbele zishakuwa kipara na Disemba wataka kwenda Nairobi yeye na mume na watoto wanne na mama mkwe. Ameshaulizia bei sehemu tofauti kwa simu, na kuna mahali ameambiwa bei nzuri kweli kweli, akanitumia picha. Naangalia, 215/55R17. Nikamwambia dada, hii ni seventini haswa, haujadanganywa, lakini ni ya gari ndogo ya chini, hii yako imeandikwa 225/65R17. Akaniambia "si zote zaingia?" Zaingia. Ndio shida yenyewe hiyo, ingekuwa haiingii mngenusurika.

Sasa hizo namba zasema hivi. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia, yaani kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, kwa hivyo kama sentimita 14.6. R ni radiali, siku hizi karibu zote ni radiali usijisumbue nayo. 17 ndio rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi ya huyu dada nzima imesimama kama milimita 724 kutoka chini hadi juu, na ile aliyopewa bei nzuri yasimama milimita 668. Gari ingeshuka karibu sentimita tatu, hapo kwenye matuta ya huku kwetu angekuwa akisikia chuma kila tuta. Na dashibodi nayo ingemdanganya, ikimwambia yuko 100 yeye kwa kweli yuko 92 hivi, na kilomita zaandikwa nyingi kuliko alizokwenda. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukibadilisha saizi, kimo cha tairi nzima kisipishane na cha mwanzo kwa zaidi ya asilimia 3. Hapo kilipishana karibu 8.

Lakini hiyo bado ni ndogo. Kubwa ni namba inayofuata, ambayo katika wateja kumi sidhani kama wawili huiangalia. Baada ya 17 utaona kitu kama 102H. Hiyo H ni mwendo, mwisho 210 kwa saa, haikuhusu sana mana hakuna mtu wa familia atakayefika huko na akifika basi. Ila 102 ndio uzito, ina jedwali lake dunia nzima, 102 ni kilo 850 kwa tairi moja. Ile ya bei nzuri ilikuwa 94, kilo 670. Kilo 180 zimepotea kwa kila tairi. Gari yenyewe tupu ni kama tani moja na nusu, weka watu saba, weka mabegi, weka yale madafu na maembe na samaki mkavu wa kuwapelekea watu wa bara, halafu ukunje kona na uzito wote uangukie upande mmoja. Kwa hivyo sheria yangu moja tu, ukinunua tairi ya hizi gari kubwa za familia, namba ya uzito iwe ile ile iliyoandikwa na waliotengeneza gari au ipande, isishuke kamwe. Muuzaji akikwambia "tofauti ndogo tu hiyo" mwambie akae yeye kiti cha nyuma.

Halafu umri. Hapa niseme langu mwenyewe ingawa naona haya. Zamani kabla sijawa na duka, nimeazimwa gari na rafiki, naenda Voi na wakwe zangu, tairi moja ya nyuma imeisha. Nikaenda kununua ya mtumba kutoka nje, kampuni kubwa inajulikana, meno yamejaa kama mpya, nikajiona mjanja. Tumepita Mackinnon Road, bado Maungu, saa saba mchana, nikasikia mtikisiko kama barabara imeharibika, nikadhani ni lami. Kumbe ngozi yote ya juu yabanduka, ile sehemu ya meno yajivua kutoka kwenye waya kama ganda la ndizi, ikapiga bodi ya gari pa pa pa mpaka ikaachia. Tulisimama salama, alhamdulillahi. Nilipoifungua ndio nikaiangalia vizuri ubavu, tairi ilikuwa na miaka kumi na moja. Mama mkwe mpaka leo nikisema naenda safari huniuliza "na tairi umeangalia?" mbele ya watu.

Basi tarehe yaangaliwa hivi. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate hizo herufi na namba mpaka mwisho, utakuta namba nne, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu kama yai. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Basi. Ila kuna ujanja hapa, tairi nyingi hizo namba nne ziko upande mmoja tu, na upande wa pili DOT iko lakini mwisho wake mtupu. Fundi akifunga ule upande wa namba ndani huoni kitu mpaka uingie chini ya gari. Kwa hivyo angalia kabla haijafungwa, ikiwa bado iko sakafuni, igeuze. Na pitisha kucha kwenye ubavu na katikati ya meno, mpira mzee una nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja, ukiukunja wazidi kufunguka.

Kampuni nyingi zasema tairi ikipita miaka 5 ichunguzwe kila mwaka na ikifika 10 itoke hata kama ina meno. Mie kwa joto la Mombasa na jua la kuegesha nje kutwa, yangu ya familia huitoa ikifika sita. Wajua tangu kiwanda cha pale Nairobi cha Sameer Africa kiache kutengeneza tairi mwaka 2016, karibu tairi zote mpya za gari ndogo twazipokea kwa meli, kwa hivyo "mpya" yaweza kuwa imeshakaa kiwandani, melini, stoo, dukani. Mwaka mmoja sina neno nao, imekaa kivulini. Minne hapana, hata kama karatasi bado iko juu yake.

Na nyinyi mlionunua gari juzi juzi kutoka Japani, nendeni saa hii mkaangalie ubavu. Kama pameandikwa STUDLESS, hizo ni tairi za barafu. Sitanii. Huko kuna theluji na gari nyingi zaja nazo miguuni hivo hivo mpaka bandarini Kilindini. Utazijua pia kwa meno yake, kila jino limekatwakatwa mistari midogo ya kupindapinda mingi sana, na ukibonyeza kwa kidole mpira ni mororo. Umefanywa mororo makusudi ili ushike barafu kwenye baridi, sasa uweke kwenye lami ya Mombasa ya mwezi wa pili, gari yayumba kona kama yakanyaga sifongo na meno yaisha ukiyaona. Watu wazipenda kwa sababu ni kimya na zinaonekana nzito meno. Kwa huku hazifai, na barabara yetu ya Nairobi ndio kabisa.

Aina ya meno sasa, hapa sitakaa sana. H/T ni ya lami, A/T ni ya lami na vumbi, M/T ni ya matope. Asilimia kubwa ya wateja wangu watoka Nyali kwenda mjini, shule, madrasa, Kongowea sokoni, na Diani wikendi, hao ni H/T hata tusibishane. Ukiwa shamba lako liko Kwale ndani au Kilifi huko njia ya mawe ya matumbawe, yale mawe makali yachana ubavu kama wembe, hapo nakubali A/T, ubavu wake mara nyingi mnene zaidi, ila ujue italia barabarani na itakula mafuta kidogo. M/T kwa gari ya kupeleka watoto shule ni mapambo. Ya gharama.

Kitu nachokitafuta kwa H/T ya Pwani ni mifereji mirefu mipana inayozunguka tairi nzima, mana masika ikishuka mwezi wa nne na wa tano barabara zetu zageuka mto, na tairi ikikosa pa kupitishia maji yapanda juu yake gari ikaelea, unakata usukani haiitiki. Ndani ya hiyo mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira, vipo milimita 1.6 kutoka chini, meno yakilingana navyo tairi imekwisha, imekufa. Mie kabla ya masika hubadilisha ikibaki 3. Na kuna maandishi mengine ya mfumo wa Marekani, TREADWEAR na namba, yaani meno yachukua muda gani kuisha, TRACTION, yaani kushika breki kwenye maji, na TEMPERATURE, yaani kuvumilia joto. Ile namba ya treadwear kila kampuni hujipimia yenyewe kwa hivyo usilinganishe kampuni na kampuni, lakini TEMPERATURE kwa huku kwetu iangalie, A ndio yavumilia joto zaidi, halafu B, halafu C. Kama pesa yaruhusu chukua A.

Kuhusu jina la kampuni, mwanizingua sana na hili. Kati ya tairi mpya ya bei ya chini yenye saizi sawa, uzito sawa na tarehe ya karibu, na ya mtumba yenye jina kubwa, mie nakufungia hiyo mpya, na mie nauza zote mbili. Ukiwa na uwezo wa jina kubwa na mpya, nunua, utasikia tofauti kwenye breki za mvua.

Dada alitaka mbili tu. Ingekuwa gari ya kuvuta mbele tu ningemkubalia, na hizo mbili mpya ningeziweka nyuma, sio mbele kama wengi wanavyodai, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji mtu wa kawaida hawezi kuirudisha. Lakini yake ni fowili, yavuta mbele na nyuma. Magurudumu yote manne yameungana na yataka kuzunguka sawa, na kila milimita moja ya meno inayopungua yapunguza mzunguko wa tairi kwa milimita 6 na kitu. Tairi za nyuma zilikuwa zimebaki 4, mpya zina 8. Hapo mzunguko unapishana sentimita mbili na nusu, kila zamu, siku nzima, na Nairobi ni zaidi ya zamu laki mbili. Kinachokula hiyo tofauti ni gia za kule chini, na gia si bei ya tairi. Subaru wao huwaambia watu isizidi robo inchi kwa mzunguko, ambayo ni kama milimita moja tu ya meno. Akanyamaza, akampigia mume, wakazungumza pembeni, akarudi akasema haya weka nne.

Tukafunga, tukafanya balansi gurudumu lisitikisike, na alaimenti magurudumu yaelekee sawa, vile vivalvu vya mpira tukaweka vipya mana hewa ya chumvi huvila, usikubali tairi mpya kwa valvu ya zamani ni shilingi chache. Upepo usijaze kwa namba iliyoandikwa kwenye tairi, hiyo ni kiwango cha mwisho cha tairi sio cha gari yako. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika, hata kama ni Kijapani namba zasomeka, itakuwa 220 au 230 au 240 kPa, yaani psi 32, 33 au 35, vyote ni vipimo vya upepo. Pima asubuhi ikiwa baridi, sio umefika Mariakani yachemka ndio wasimama kuipunguza. Watu husema joto lapasua tairi kwa hivyo wapunguza upepo wa safari, ni kinyume kabisa, upepo mdogo ndio huleta joto, ubavu wajikunja na kujikunjua mara kumi na mbili kila sekunde ukiwa 100, jikunje wewe hivo uone kama hutachemka.

Mwisho nikamuuliza spea. "Spea iko, haijawahi kutumika hata siku moja." Tukaondoa mabegi ya shule na kiatu kimoja cha mpira tukaitoa, ile nyembamba, ya njano, imeandikwa yenyewe mwisho 80 kwa saa na kPa 420, yaani psi 60. Nikaweka geji. Ilikuwa na 18.