Nyuki kwenye pumba hawakuja kupigana

Wiki hii nimepokea simu ya tatu, swali lilelile: "Nyuki wamevamia bakuli la ndege, niwamwagie mafuta ya taa?" Usimwage, nakuomba.

Nafuga nyuki hapa Singida, na uani nawawekea ndege pumba na mtama. Tetere na mnana hufika alfajiri, wakati baridi ya Julai bado imewafungia nyuki ndani. Jua likipanda, nyuki wanashika zamu. Alizeti imeshavunwa, maua ni ya kutafuta, na majana, yaani watoto wa nyuki mzingani, wanadai chavua. Nyuki akiikosa huzoa vumbi linalofanana nayo. Inama umtazame: anajigaragaza kwenye pumba mpaka anakuwa mweupe, anapaa kidogo, anajipangusa angali hewani, kisha anaushindilia ule unga kwenye vikapu vya miguu ya nyuma. Hana habari na wewe.

Sasa ninalochoka kulirudia: nyuki hulinda nyumba yake, si bakuli lako. Nyuki wetu ni wakali, sikatai, ila ukali wao uko mlangoni mwa mzinga. Mbuzi aliyefungwa kamba chini ya mti wenye mzinga yuko hatarini kwelikweli, maana hawezi kukimbia. Mtoto anayepita kando ya pumba hana neno, mradi asimkanyage nyuki wala kumbana. Ukimponda mmoja kwa kandambili, mwiba unaachia harufu kama ya ndizi mbivu, na hiyo kwao ni mbiu ya vita. Hapo umewaita mwenyewe.

Asali usiiache wazi. Hiyo huleta fujo na wizi kati ya mizinga. Na kwenye maji tia kokoto wapate pa kusimama, wasizame.

Kama pumba inawalisha majana vya kutosha, mimi nina shaka. Ina protini kidogo kuliko chavua, na nyuki huokota hata vumbi la mbao na la makaa, kwa hiyo wanachofuata ni ulaini wa chembe kuliko lishe. Kwa sababu hiyo mwaka jana nilifunika bakuli. Siku ya pili wakahamia kwenye mashine ya kusaga ya jirani, wakapuliziwa dawa. Jioni niliwakuta wamelala sakafuni kwa mamia, vikapu vya miguuni vimejaa unga.

Bakuli nimelifunua.