Ubao wa matokeo katika beisiboli: ulikotoka na jinsi unavyosomwa

Watangazaji wetu wa soka wana msemo wao: "ubao unasoma moja bila." Kwa soka hapo umemaliza. Timu mbili, namba mbili, saa pembeni. Aliyechelewa kufika uwanjani akitupa jicho anajua nani anaongoza, lakini ubao hautamwambia bao liliingia lini wala mchezo ulikuwaje kabla hajafika.

Ubao wa beisiboli ni kitu kingine kabisa. Ukiujulia, unakusimulia mchezo mzima tangu mpira wa kwanza. Ndiyo maana mashabiki wa Marekani na Japani wanaupenda ubao wa uwanja wao karibu kama wanavyoipenda timu, na ndiyo maana nadhani historia yake inastahili kuelezwa taratibu.

Tuanze na kuusoma. Beisiboli huchezwa kwa duru tisa. Katika kila duru timu moja hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kisha wanabadilishana. Anayepiga hukimbia kupitia vituo vinne, na akivimaliza timu yake inapata pointi. Ubao una mistari miwili: wa juu ni wa wageni, wa chini ni wa wenyeji, kwa sababu mwenyeji ndiye anayepiga mwisho. Kila duru ina kisanduku chake, na humo huandikwa pointi za duru hiyo tu, hata zikiwa sifuri. Mwisho wa mstari kuna visanduku vitatu vyenye herufi R, H na E, yaani jumla ya pointi, mapigo safi yaliyomfikisha mpigaji kituoni, na makosa ya walinzi. Pembeni kuna hesabu ndogo inayobadilika kila mpira unaporushwa: mipira mibovu mingapi, yaani iliyorushwa nje ya eneo la kupigika (ikifika minne mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure), straiki ngapi, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha (zikifika tatu anatoka), na wangapi wameshatolewa.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 8 Oktoba 1956, mchezo wa tano wa World Series, yaani fainali ya ubingwa wa Marekani, uwanja wa Yankee Stadium, New York. Mstari wa Brooklyn Dodgers ulisomeka sifuri tisa mfululizo, kisha 0, 0, 0. Wa Yankees ulisomeka 0 0 0 1 0 1 0 0 X, kisha 2, 5, 0. Ile X maana yake wenyeji walikuwa wameshashinda, hawakuhitaji kupiga duru ya tisa. Tazama sasa kisanduku cha H cha Brooklyn: sifuri. Mrushaji Don Larsen alikabiliana na wapigaji 27 na hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika World Series na halijatokea tena.

Kuna mwiko kwenye mchezo huu: mrushaji akiwa katika hali hiyo, wenzake hawaligusi jambo lenyewe kwa mdomo, wasije wakaliharibu. Inasimuliwa kwamba Larsen mwenyewe, duru ya saba ilipopita, alimwambia mchezaji mwenzake Mickey Mantle autazame ubao. Mantle akaondoka zake bila kumjibu. Watu wote wamenyamaza, ubao peke yake ndio unaosema.

Mstari huu wa namba ni mkongwe kuliko mbao zenyewe. Mwandishi wa habari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, ndiye aliyeueneza katika karne ya 19 utaratibu wa kuandika mchezo kwa muhtasari wa majedwali gazetini. Uwanjani watu walinunua karatasi yenye majina ya wachezaji na visanduku vitupu, wakajaza wenyewe kwa penseli. Mbao za mwanzo zilikuwa za kuning'iniza namba tu, na shabiki aliyetaka undani alirudi kwenye karatasi yake.

Cha ajabu, mbao zilizokuwa hodari kuliko zote wakati huo hazikuwa uwanjani. Zilikuwa barabarani. Kabla ya redio, mwanzoni mwa karne ya 20, magazeti ya miji mikubwa yalitundika nje ya ofisi zao mbao zenye mchoro wa kiwanja. Opereta wa telegrafu alipokea habari kwa alama za Morse kutoka uwanjani, na vijana wakasogeza alama za wachezaji kutoka kituo kimoja hadi kingine. Baadhi ya mbao hizo, kama ile iliyoitwa Playograph, zilikuwa na mpira uliosafiri kwenye waya. Wakati wa World Series maelfu ya watu walijaa barabarani, wakishangilia mchezo unaochezwa mji mwingine, wakiwa wameukodolea macho ubao. Umati ule ndio unaonifanya niamini kwamba ubao ulikuwa sehemu ya mchezo tangu zamani, si kiambatisho.

Ubao mkongwe unaotumika mpaka leo uko Fenway Park, Boston. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1912, na ubao wa mkono ukawekwa mwaka 1934 chini ya ule ukuta mrefu wa kushoto, wenye kimo cha zaidi ya mita 11, unaoitwa Green Monster. Ndani ya ukuta kuna chumba chembamba kisicho na choo, baridi mwezi wa Aprili na joto mwezi wa Julai. Waendeshaji wanakaa humo mchezo mzima, wakichungulia uwanja kupitia matundu. Pointi ikipatikana, mtu anachagua bamba la chuma lenye namba, la uzito wa karibu kilo moja, analichomeka mahali pake. Mipira mibovu huonyeshwa kwa taa za kijani, straiki na waliotolewa kwa taa nyekundu. Kuta za ndani zimejaa saini za wachezaji wa miaka mingi. Na kwenye mistari myeupe iliyosimama wima upande wa mbele kuna nukta na vistari ambavyo wengi huvipita bila kuvitambua: ni herufi za mwanzo za majina ya Tom Yawkey, aliyekuwa mmiliki wa timu, na mkewe Jean, zimeandikwa kwa Morse, lugha ileile ya telegrafu iliyolisha mbao za barabarani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, Wrigley Field ya Chicago ikapata wake, juu ya majukwaa ya katikati, upana wa mita 22 na zaidi. Aliyesimamia kazi hiyo ni kijana wa miaka 23, Bill Veeck, mtoto wa rais wa zamani wa klabu. Nao huendeshwa kwa mkono hadi leo. Katika mchezo rasmi hakuna aliyewahi kuupiga kwa mpira wa beisiboli. Mwaka 1951 mcheza gofu Sam Snead aliupiga, ila kwa mpira wa gofu.

Wakati huohuo wafanyabiashara walishaona kwamba mahali ambapo kila jicho linarudi baada ya kila mrusho hapafai kukaa bure. Huko Ebbets Field, uwanja wa Dodgers wa Brooklyn, juu ya ubao kulikuwa na tangazo la bia ya Schaefer, na tangazo lenyewe lilifanya kazi: herufi h ikiwaka, pigo lile limehesabiwa kuwa safi, ikiwaka e, ni kosa la mlinzi. Chini ya ubao, duka la nguo la Abe Stark liliahidi suti kwa mpigaji yeyote atakayeligonga bango lake. Matangazo ya viwanja vya leo yanamulika tu. Lile la Schaefer lilikuwa na kauli, na kwangu hilo ni tofauti kubwa.

Mageuzi makubwa yakaletwa na Bill Veeck yuleyule. Mwaka 1960, sasa akiwa mmiliki wa White Sox, timu nyingine ya Chicago, alisimamisha katika uwanja wao wa Comiskey Park ubao uliolipuka: mwenyeji akivusha mpira nje ya ukuta, fataki zinaruka, ving'ora vinalia, taa zinazunguka. Wageni walichukia. Wenyeji wakawa wanaomba mpira uvuke ili waone ubao. Hapo ndipo ubao ulipoacha kuandika tu na kuanza kushangilia. Mwaka 1965 Astrodome ya Houston, uwanja wa kwanza wa beisiboli wenye paa, ukafungua ubao wa urefu wa mita 144 uliogharimu dola milioni 2, wenye michoro ya taa ya wachunga ng'ombe wakifyatua bastola na fahali wenye bendera kwenye pembe zao.

Kisha ikaja picha. Tarehe 8 Julai 1980, kwenye mchezo wa nyota wa ligi uliofanyika Dodger Stadium, Los Angeles, kampuni ya Mitsubishi Electric ilizindua Diamond Vision, skrini kubwa ya rangi iliyoundwa kwa mirija midogo kama ile ya televisheni za zamani. Sasa watazamaji waliweza kuliona tukio tena, na mwamuzi akajikuta mbele ya umati ulioona alichokosea. Kwa miaka mingi klabu zilibanwa zisionyeshe marudio ya matukio yenye utata. Mwaka 2014, waamuzi waliporuhusiwa kurejea video kwa maamuzi mengi zaidi, klabu nazo zikapewa ruhusa ya kuyaonyesha. Taa za LED, zilizowezekana kwa rangi zote baada ya ile ya buluu kupatikana miaka ya 1990, zikaondoa mirija, na skrini zikatanuka. Ya Seattle ya mwaka 2013 ina upana wa zaidi ya mita 61. Mwaka 2023 ikaongezwa saa ya kumhesabia mrushaji muda wa kurusha, sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, katika mchezo uliojivunia kutokuwa na saa.

Wajapani walivuka kuingia kwenye ubao wa umeme kwa adabu ya pekee. Katika uwanja wa Koshien, nyumbani kwa mashindano maarufu ya shule za sekondari (ambayo yameipa jina michuano ya Tanzania Koshien ya hapa kwetu), majina ya wachezaji yaliandikwa kwa brashi, nyeupe juu ya nyeusi. Ubao wa umeme ulipowekwa mwaka 1984, mwandiko ule wa brashi uliigwa kwenye taa, ili kijana anayefika pale mara moja maishani alione jina lake limeandikwa kama yalivyoandikwa ya waliomtangulia.

Na Wrigley? Mwaka 2015 waliweka skrini kubwa upande wa kushoto, na ule wa 1937 hawakuugusa. Mchezo ukiisha, mtu anapandisha bendera kwenye mlingoti ulio juu yake: nyeupe yenye W ya buluu kama Cubs, wenyeji wa uwanja huo, wameshinda, ya buluu yenye L nyeupe kama wameshindwa. Treni ya mjini hupita karibu na uwanja, na anayetoka kazini huinua macho dirishani.