Uji mwepesi usio maji matupu: maswali na majibu kuhusu kumlisha mgonjwa wa saratani ya umio

Umio ni njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake imeshamiri katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umeshaziba sehemu kubwa ya njia, nao wamekonda kiasi cha kutishia tiba yenyewe, maana mwili dhaifu hustahimili vibaya upasuaji, mionzi na dawa. Majibu haya yamelengwa kwa wanaopika na kulisha nyumbani.

Mgonjwa wetu anashinda na uji na supu. Mbona anazidi kukonda?

Kwa sababu sehemu kubwa ya anachomeza ni maji. Chukua uji mwepesi wa kawaida, gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji: una kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) kama 175 tu. Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani 1,250 hadi 1,500 kwa siku. Kwa uji huo angepaswa kunywa zaidi ya lita 7. Supu ya mifupa ni hafifu zaidi; ladha na chumvi vimo, nguvu haimo. Soda na glukosi ni sukari bila protini, na protini inayotakiwa ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo, kwa mtu huyu gramu 50 hadi 75.

Mtego uko jikoni. Chakula kikikwama, mpishi huongeza maji. Kesho kikikwama tena, huongeza mengine. Baada ya mwezi mgonjwa anakunywa vikombe vinane kwa siku na bado ana njaa.

Tutaupataje uji mwepesi bila kuongeza maji?

Kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Nafaka inapoota hutoa vimeng'enya vinavyokatakata wanga, na uji mzito uliotiwa unga wa kimea hulegea ndani ya dakika chache huku nguvu yake yote ikibaki. Ni mbinu inayojulikana zaidi kwa uji wa watoto, lakini kwa koo lililobanwa inafaa vilevile.

Tumia ulezi (Kenya huitwa wimbi). Uoshe, uloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha utandaze kwenye kitambaa kibichi safi na uufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 2 hadi 3, mpaka chipukizi zifike nusu sentimita au zaidi kidogo. Anika juani mpaka ukauke kabisa, pukuta chipukizi na vimizizi, saga. Ukiona ukungu au kunusa uvundo, tupa wote. Mtama nao hutoa kimea kizuri, ila chipukizi zake zina kemikali inayozalisha sayanidi, ambayo ni sumu. Ndiyo maana tunashauri ulezi.

Sasa uji wenyewe, wa siku nzima:

Koroga gramu 150 za unga wa ulezi (kikombe cha mililita 250 kilichojaa) katika maji mililita 600 na maziwa yasiyoondolewa mafuta nusu lita. Pika mpaka uive na uwe mzito, ukikoroga muda wote kwa kuwa maziwa hushika chini. Ipua. Subiri kama dakika 10, uji uwe bado moto sana lakini usiotokota, kisha tia vijiko 2 vya chakula vya unga wa kimea na ukoroge kwa dakika 5 hadi 10. Utauona ukilegea mbele ya macho yako. Hapo tia vijiko 4 vya siagi laini ya karanga, vijiko 2 vya mafuta ya kupikia na vijiko 3 vya sukari, rudisha jikoni uchemke dakika 5, kisha upitishe kwenye chujio.

Unapata lita moja na robo hivi, yenye kilokalori karibu 1,600 na protini gramu 40 na ushei. Ukimwongezea siku hiyo glasi moja ya maziwa (mililita 250) iliyokorogwa na vijiko 4 vya maziwa ya unga, umepata kilokalori nyingine 300 na protini gramu kama 16.

Tulitia kimea, uji haukulegea. Tumekosea wapi?

Mara nyingi kimea kimetiwa uji ukiwa unatokota. Moto ule huviua vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Kosa jingine ni kutumia ulezi uliolowekwa tu bila kuoteshwa, au kimea kilichokaangwa. Na kuna wanaoruka hatua ya kuchemsha tena mwishoni: uji unalegea vizuri, lakini vijidudu vilivyozaliana wakati wa kuotesha vinabaki hai, na kuhara ndicho kitu cha mwisho anachohitaji mtu huyu.

Karanga pia zichaguliwe moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huenda zina sumukuvu.

Zaidi ya uji, apewe nini?

Parachichi lililopondwa na maziwa. Viazi au ndizi zilizopikwa kwa tui zito. Mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) ni chakula kizuri mno kwa kazi hii mradi nyama ipikwe mpaka iachane, isagwe kwenye blenda, na vyote vipite kwenye chujio. Nyuzi moja ya nyama inatosha kuziba njia. Yai lipigwe na kumwagwa taratibu kwenye uji unaochemka, kisha uchujwe. Yai bichi lisitumike, hata kama jirani anasema ndilo lenye nguvu.

Anywe vipi?

Kikombe kimoja kila saa 2 au 3, funda dogo dogo, akiwa ameketi wima, na abaki hivyo kwa nusu saa hadi saa nzima baadaye. Kinywaji kiwe vuguvugu. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2016, na onyo hilo linawahusu pia walio mezani pamoja naye. Uji uliokaa saa 2 nje ya chupa ya chai au jokofu usimpe.

Je, njia hii inamfaa kila anayeshindwa kumeza?

Hapana, na hapa watu huumia. Saratani ya umio huanza kukataa ugali na nyama, kisha vilaini, mwishowe maji. Aliyepata kiharusi mara nyingi ni kinyume: chakula kizito kiasi kinapita, maji ndiyo yanayompalia, kwa sababu misuli ya koo imelegea na kimiminika chepesi hukimbilia njia ya hewa. Kumlegezea uji ni kumwingizia chakula kwenye mapafu. Huyo apimwe umezaji kwanza hospitalini. Mwingine humeza kwa maumivu makali huku mdomoni kuna utando mweupe. Hizo zaweza kuwa fangasi za umio, hasa kwa anayeishi na VVU, na dawa zake zipo. Kwa hiyo kipimo cha endoskopia (kamera ndogo inayopitishwa mdomoni kutazama umio) kifanywe mapema, na lishe isisubiri.

Hajala kitu kwa siku kumi, leo njia imefunguka. Tumlishe ashibe?

Msifanye hivyo. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kusukuma madini ya fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Moyo unaweza kuyumba au kusimama. Hospitalini huanzishwa kilokalori 5 hadi 10 tu kwa kila kilo kwa siku, hupewa vitamini B1 kabla ya chakula, damu hupimwa, na kiwango hupandishwa polepole kwa siku kadhaa. Ukiona miguu inavimba, pumzi inabana au akili inachanganyika siku za mwanzo za kulishwa, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Amewekewa stenti. Arudi kwenye ugali?

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachopanuka ndani ya umio na kuacha njia wazi. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, imekuwa ikiziweka kwa miaka mingi. Siku ya kwanza huwa vimiminika, kisha vilaini. Ugali mlaini uliolowa mchuzi huweza kupita kwa tonge dogo lililotafunwa sana. Mkate laini hugeuka donge, sukuma wiki na matembele yana nyuzi, nyama ngumu na chungwa lenye ngozi zake hukwama. Anywe maji kidogo katikati na mwisho wa kula. Ikiziba, aache kula, asimame, anywe maji ya vuguvugu kwa funda ndogo. Saa chache zikipita bila nafuu, hospitali.

Stenti iliyowekwa chini karibu na tumbo huleta kiungulia. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali. Mto peke yake humkunja tumbo tu.

Na aliyewekewa mrija wa kulishia tumboni?

Uji uleule wa kimea, uliochujwa mara mbili, unapita vizuri, mililita 200 hadi 300 kwa dakika 20 au 30, mgonjwa akiwa ameinuliwa. Sukuma mililita 30 za maji safi kabla na baada. Mrija ukiziba tumia maji ya vuguvugu na bomba la sindano kwa upole, kamwe usichokoe kwa waya. Kabla ya kuponda kidonge chochote ulizeni mfamasia, kwani vinavyotoa dawa polepole haviruhusiwi kupondwa.

Tumeambiwa sukari inalisha saratani. Tuiondoe?

Kuiondoa hakuuzuii uvimbe kukua. Mgonjwa ndiye hupungua. Mwenye kisukari ni habari nyingine: badala ya sukari ongezeni kijiko kimoja na nusu cha mafuta, na daktari arekebishe dawa zake.

Ni lini tusisubiri kliniki?

Akishindwa kumeza hata mate. Akikohoa kila anywapo maji, maana huenda tundu limetokea kati ya umio na njia ya hewa. Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Mkojo ukiwa kidogo na wa rangi ya chai. Homa yenye kikohozi. Mpimeni uzito mara moja kwa wiki, mzani uleule, asubuhi: mtu wa kilo 50 akipoteza kilo 2.5 ndani ya mwezi, ulizeni kuhusu stenti au mrija.