Aya haipimwi kwa idadi ya sentensi

Kauli kwamba aya ni sentensi tano imesemwa mno, na sasa inaumiza. Huandikwa ubaoni kwa kujiamini, mwanafunzi akainakili daftarini, kisha akaibeba hadi chuo kikuu, bado anahesabu kwa vidole kabla ya kuruka mstari. Wengine husema nne, wengine saba. Wapo pia wanaofundisha kwamba aya ni pale unapoacha nafasi, kana kwamba nafasi ndiyo inayozaa aya.

Aya ni fungu la sentensi zinazojenga hoja moja. Hoja ikikamilika, aya imekwisha. Ikitosha sentensi moja, hiyo ni aya. Zikihitajika kumi na mbili, ni aya vilevile.

Ile nafasi ni alama tu, ya kumjulisha msomaji kwamba hoja imegeuka. Wagiriki wa kale, ambao maneno yao yaliandikwa yakiwa yameshikana, walichora kistari kifupi pembeni mwa safu kuonyesha mahali sehemu mpya inapoanzia au mzungumzaji mwingine anaposhika zamu. Waandishi wa Ulaya wa karne za kati walikuwa na alama ya ¶, ambayo mara nyingi ilitiwa kwa wino wa rangi baada ya maandishi yenyewe kukamilika, kwenye nafasi iliyoachwa kwa kazi hiyo. Katika vitabu vya mwanzo vya kupigwa chapa, nafasi nyingi za namna hiyo zilibaki tupu, na baadaye utupu wenyewe ukawa ndio alama. Kwa hiyo hoja ilitangulia, alama ikafuata. Mwanafunzi anayeruka mstari kwa sababu tu ameshafikisha sentensi ya tano ameweka alama mahali pasipogeuka kitu.

Lakini kuna kosa jingine, na hili ndilo linalonikera zaidi kwa sababu hufanywa na walimu wazuri. Wao hawahesabu sentensi. Wanasema aya iwe na wazo moja kuu, na wako sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mwanafunzi akiambiwa wazo, yeye husikia mada. Mada ni jambo linalozungumziwa. Hoja ni kile unachosema kuhusu jambo hilo. Usingizi ni mada: huwezi kuukubali wala kuukataa, hauna ukweli wala uongo. Ukisema kwamba dereva aliyekosa usingizi ni hatari barabarani, hapo umetoa hoja. Mtu anaweza kukubishia au kukudai ushahidi. Mwanafunzi asiyetofautisha viwili hivi huandika hivi:

"Usingizi ni muhimu sana katika maisha. Watu wengi hulala usiku. Popo hulala mchana. Watoto wachanga hulala saa nyingi kuliko watu wazima. Kukosa usingizi husababisha ajali."

Sentensi ni tano, sarufi haina kasoro, na zote zinahusu usingizi. Hata hivyo hapo hakuna aya. Badilisha mpangilio wake, anza na popo umalizie na watoto, hutaona kilichoharibika. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine: sentensi zikiweza kuhama ovyo bila kuumizana, hazijengi kitu. Na mwalimu akiandika pembeni "ongeza maelezo", mwanafunzi ataongeza paka.

Sasa tuchukue ile sentensi ya mwisho, ambayo peke yake ilikuwa na hoja, tuiweke mbele na kuinoa:

"Kukosa usingizi humpunguzia dereva umakini kama pombe inavyofanya. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kuitikia jambo la ghafla, karibu sawa na aliyekunywa kiasi. Lakini mlevi hunuka, na askari ana kifaa cha kumpima pumzi. Mwenye usingizi hana harufu. Kwa hiyo wa kumzuia asishike usukani mara nyingi ni yeye mwenyewe."

Hizi nazo ni tano. Sentensi ya pili inaithibitisha ya kwanza, ya tatu inaleta tofauti ambayo msomaji huenda hakuifikiria, na "kwa hiyo" ya mwisho ina kazi ya kweli. Ihamishe ya tatu iwe ya kwanza, na msomaji atauliza mlevi huyo ametoka wapi. Popo ameondoka bila kufukuzwa na mtu. Hoja ilipopatikana, hakuwa tena na mahali pa kukaa.

Hapa wengi huruka hadi kwenye kanuni nyingine, kwamba sentensi kuu lazima iwe ya kwanza. Alexander Bain, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Aberdeen, aliweka kanuni za aya mwaka 1866, na mojawapo ilitaka sentensi ya ufunguzi ionyeshe wazi aya inahusu nini. Lakini mwaka 1974 Richard Braddock, mtafiti wa Marekani, alichapisha uchunguzi wa makala za waandishi wazoefu na kukuta kwamba takriban asilimia 13 tu ya aya zao zilianza na sentensi kuu. Nyingine ziliiweka kwingine, au hoja ilieleweka bila kutamkwa. Mimi bado ningemwambia anayeanza aitangulize, kwa faida yake mwenyewe zaidi kuliko ya msomaji: akishindwa kuiandika, amegundua mapema kwamba ana mada tu mkononi. Ila iitwe zoezi la kujifunzia. Isiitwe maana ya aya, wala asikatwe maksi aliyeiweka mwishoni kwa makusudi na ikakaa vizuri.

Basi mwanafunzi akiuliza aandike sentensi ngapi, tusimtajie namba. Tumuulize anataka kusema nini kuhusu mada yake, na akishasema, msomaji asiyemwamini angemuuliza swali gani. Ajibu swali hilo, kisha linalofuata kama lipo. Likikosekana, aruke mstari, hata kama ameandika sentensi tatu.