Pipa la bluu halichagui taka

Krismasi iliyopita dada yangu alipata meza ya kuuzia chipsi na juisi kwenye kiwanja kimoja cha michezo ya watoto hapa Mbeya, yale majumba ya upepo ya kurukia, mabembea, katreni kanakozunguka, na mimi nikaenda kumsaidia, ila kufika tu nikapewa glavu nikaambiwa kaangalie mapipa maana kijana wa usafi hajatokea. Mapipa yalikuwa matatu, la bluu chupa, la kijani mabaki ya chakula, jeusi mengineyo, na yameandikwa vizuri kabisa. Jioni nafungua la bluu nakuta chipsi na kachumbari yake, pampasi, kandambili ya mtoto ya mguu wa kushoto, na chupa ndio zimo ila zote zinanata. Tangu siku ile nabishana sana na watu kuhusu haya mambo ya kutenganisha taka, kwaiyo acha niyaandike hapa mara moja, naanza na maneno yao kisha najibu.

"Si mwisho wa siku mnachanganya tu, sasa nitenganishe ya nini?"

Hii ndo namba moja na nitakuwa mkweli, siku ile tulichanganya. Mapipa yote matatu yaliishia kwenye viroba vilevile na vikapakiwa gari moja. Ila watu wanadhani tulichanganya kwa uvivu, wakati dada mmoja anayenunua chupa kwa kilo alikuja kabla ya gari, akafungua kiroba, akanusa, akafunga. Chupa haziendagi na gari la taka ukiwa umezitunza vizuri, zinachukuliwa palepale na mnunuzi anakupa hela. Kilichomkimbiza ni juisi. Yani chupa kumi zikiwa na juisi nusunusu na chipsi juu yake, hapo una uchafu wa kawaida tu uliovaa rangi ya bluu. Alafu yeye analipa kwa mzani, na mzani haujui hii ni plastiki ama ni embe, kwaiyo chupa yenye majimaji anaiona kama wizi.

Na msidhani wenzetu wana mashine ya ajabu inayofanya kila kitu. Pale Disney World, viwanja vikubwa vya michezo kule Florida Marekani, ile sehemu ya Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, taka zinavutwa kwa mabomba chini ya ardhi, teknolojia ya Wasweden, zinakimbia karibu kilomita 100 kwa saa mpaka kituo cha kukusanyia, mgeni haoni hata gari la taka. Safi sana. Ila bomba linavuta tu, halichagui. Ukitupia pampasi na chupa pamoja, vitasafiri pamoja kwa kasi hiyohiyo.

"Kifuniko lazima utoe, la sivyo chupa haifai"

Hapa nilifanya majaribio nyumbani na ndoo ya maji. Kata kipande cha chupa ya maji ya kunywa, kata na kipande cha kifuniko chake, tumbukiza vyote, koroga kidogo kutoa mapovu. Chupa inazama, kifuniko kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti, ya chupa ni nzito kuliko maji na ya kifuniko ni nyepesi, na viwanda vinavyosaga chupa vinatumia ujanja huohuo kuzitenganisha kwenye matangi. Kwaiyo kifuniko chenyewe sio dhambi, muulize tu mnunuzi wako anataka vipi. Kufungua kuna faida nyingine kabisa: unamwaga kilichobaki, unakanyaga chupa inalala, kiroba kinachobeba hewa tupu sasa kinabeba chupa kweli. Ukiikanyaga imefungwa inalia pwaa alafu inarudi ilivyokuwa.

Na ile alama ya mishale ya pembetatu chini ya chupa, wengi wanajua maana yake "hii inarejelezwa". Hapana. Ile namba ya katikati inataja aina ya plastiki, 1 ni ya chupa za maji na soda, 5 ni ya vifuniko vingi na mabakuli, mfumo ulioletwa na wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988. Kinachoamua kama itarejelezwa ni kama mtaani kwako kuna mtu anayeinunua. Namba 1 utampata. Pakiti ya krispi, ile inayong'aa ndani, imegandishwa matabaka ya plastiki na alumini, sijawahi kuona mtu anaipima.

"Bokisi la chipsi ni karatasi, weka na karatasi"

Karatasi iliyolowa mafuta imeshaharibika, na vikombe vya karatasi ndani vina utando wa plastiki, ndo maana chai haivuji. Na siku ile mvua ya Desemba mnaijua, ilishuka saa nane mabokisi yote yakawa uji.

Hapohapo niongezee mifuko mbadala. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019 watu wamezoea kuiita ile mingine "ya kitambaa", na kina mama pale kiwanjani walikuwa wanaitupa pipa la mabaki eti itaoza. Jamani ile ni polipropilini, plastiki, imetengenezwa tu ifanane na kitambaa. Shikilia moto pembeni uone kama inaungua kama khanga au inayeyuka. (Sisemi mchome taka. Moshi wa plastiki una sumu, na Mbeya asubuhi ya baridi moshi haupandi, unakaa hapo chini na nyie.)

"Mabaki yapelekwe kwa nguruwe, hamna hasara"

Wazo zuri na huku kwetu wafugaji ni wengi, ila chemsha kwanza, nusu saa kamili. Kama kuna kipande cha kitimoto ndani, virusi vya homa ya nguruwe vinaishi kwenye nyama mbichi au isiyoiva vizuri, na ugonjwa huo hauna dawa, unafagia banda zima. Maganda ya ndizi na parachichi yaende kwenye mboji, basi.

"Watu wetu hawana ustaarabu, Ulaya wanatupa wenyewe"

Hii inaniudhi. Efteling, bustani ya michezo ya Uholanzi, tangu miaka ya 1950 wana mapipa yenye sura ya mtu mnene anayeomba karatasi kwa sauti, na mtoto akimlisha anashukuru, maana bila hivyo wasingetupa. Puy du Fou ya Ufaransa mwaka 2018 walifundisha kunguru sita kuokota vichungi vya sigara na kupeleka kwenye kisanduku kinachowapa chakula. Kunguru! Uingereza mwaka huohuo bustani ya michezo ya Alton Towers na wenzake wakaweka mashine, ukiingiza chupa tupu unapata punguzo la nusu ya kiingilio. Ujerumani tangu 2003 chupa nyingi za plastiki za kutumika mara moja zina dhamana, kwa kawaida senti 25, unarudishiwa ukiirudisha chupa. Huo sio ustaarabu wa kuzaliwa nao, ni kreti la soda lilelile. Hapa Mwanjelwa nani amewahi kutupa chupa ya soda ya kioo? Hakuna, kwasababu mangi ataidai.

Kwaiyo siku ya pili, tarehe 26, nikaacha kuhubiri. Nikachukua ndoo ya rangi iliyoisha, nikaiweka mbele kabisa ya pipa la bluu, nikaandika kwa mkaa MWAGA HAPA, alafu pipa lenyewe nikalisogeza toka getini mpaka kwenye mabenchi wanapolia chakula. Na wale vijana waokota makopo ambao mlinzi huwa anawafukuza nikamwomba awaache wawili waingie. Jioni viroba viwili vya chupa kavu, zimekanyagwa, yule dada akapima bila kunusa.

Hasara ilikuwa moja. Kuna mtoto alivutiwa sana na ile ndoo, akaja akamwaga juisi yake nzima, hajanywa hata kidogo, akaangalia ndoo, akaangalia chupa, akaanza kulia, na dada yangu ndo akatoa nyingine bure.